Vipimo Vinane vya Serumu

Wanafunzi wangu wananiita Madame Zéro, na hawajui kwamba najua. Ninafundisha utayarishaji wa dawa katika shule ya wauguzi hapa Kindu, mwaka wa kumi na saba huu, na kila mtihani wa mwisho una swali langu moja la kuchanganya dawa kali na dawa hafifu. Namba nazibadilisha, mtego ni ule ule. Anayeingia mtegoni namwandikia sifuri kwa kalamu nyekundu, duara kubwa, na mwaka anaurudia. Simpi alama ya huruma. Watu wanasema nina roho ngumu, na mimi nawaacha waseme.

Mwaka huu sikuzibadilisha namba. Binti yangu Nuru alijifungua mtoto wa kike huko Kisangani mwezi wa tatu, akanitumia picha kwenye simu, na nilipokaa kutunga mtihani mkono wangu ukaandika namba zenyewe, zile za zamani ambazo sikuwahi kumwonyesha mtu. Una ampuli moja ya glukosi ya asilimia hamsini, mililita ishirini. Una serumu ya dripu, glukosi ya asilimia tano, chupa nzima. Una watoto wawili wenye malaria ya kichwa, mmoja ana kilo kumi, mwingine kilo nane. Kila mtoto anahitaji glukosi ya asilimia kumi, mililita kumi kwa kila kilo ya uzito wake. Ampuli yako inatosha watoto wangapi?

Wanafunzi thelathini na wanne walifanya mtihani. Wengi waliandika wawili. Fifi, msichana mpole wa Alunguli anayevuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi na viatu vyake mkononi, aliandika mmoja. Nikamchorea duara lake jekundu.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa na mama yake. Mama alibeba mchele wa Lokandu ndani ya mfuko wa nailoni, kilo tano hivi, na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Nilimtambua kabla hajakaa. Alikuwa amenenepa, mvi zimemwingia, lakini ile namna ya kuinamisha shingo upande mmoja anapomsikiliza mtu, ile sikuwa nimeisahau kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake ni Jeanne. Nilikuwa nikimwona sokoni kwa mbali na kubadilisha njia, na sasa alikuwa mbele yangu, mezani kwangu, ananiita Mama Nuru kama watu wote wa mji huu wanavyoniita kwa jina la mtoto wangu.

Alimwambia Fifi asiogope. Akamweleza, mimi nikisikia, kwamba huyu madame unayemwona mkali ndiye aliyekuwa muuguzi kule kwenye kituo cha afya wakati kaka yako Stéphane alipokufa. Akanigeukia.

"Vita njo ilikula mutoto yangu, Mama Nuru. Wewe ulilia na mimi. Siwezi kusahau."

Nilipanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Yeye akaendelea kwa upole kueleza shida yao. Kuna hospitali ya Lubutu imekubali kumchukua Fifi, gari linaondoka wiki ijayo, na bila alama ya kupita nafasi itapewa mwingine. Hakuomba alama ya bure. Aliomba mtoto apewe swali tena.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Kuandika saba juu ya sifuri ni kazi ya kufumba na kufumbua. Wangenishukuru, wangeniachia kuku na mchele, wangeondoka, na mimi ningebaki kuwa yule muuguzi mwema aliyelia. Naapa nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha kalamu. Ndipo Fifi akafungua mdomo.

"Madame, nilifikiri serum njo maji."

Maneno hayo, kwamba serumu ni maji, nilikuwa nimeyasikia kabla hajazaliwa.

Mwaka wa 2002 Kindu ilikuwa imezibwa pande zote. Waasi wenye serikali yao walikuwa ndani ya mji, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa nje wameshika vijiji na njia, na sisi wengine tulikuwa katikati na matumbo yetu. Reli ilikuwa imenyamaza. Aliyekwenda shambani kung'oa muhogo aliaga nyumbani kama anakwenda mbali, na wengi hawakurudi. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Sukari ilikuwa imetoweka sokoni kabisa, na miwa ilikuwa ng'ambo ya bunduki. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, mjane mwenye mtoto mmoja, na nilifanya kazi katika chumba cha dawa cha kituo kidogo cha afya chenye vitanda kumi na vinne. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi mkuu, Mzee Godefroid, mtu wa haki na wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta.

Watoto walikuwa wanakuja wamekonda na malaria imeshapanda kichwani. Dawa ilikuwa kwinini ya mrija, na kwinini ina tabia mbaya: inakula sukari ya damu. Mtoto mwenye njaa hana sukari ya kuliwa. Usipompa glukosi pamoja na kwinini, anaingia kwenye degedege, anapoa, anakwenda. Glukosi ya asilimia hamsini ukimpa ilivyo unamuunguza mishipa. Ya asilimia tano peke yake haimwinui. Anayotaka ni ya kumi, na ya kumi hatukuwa nayo. Tulikuwa tunaichanganya wenyewe.

Ukutani, juu ya meza yangu, palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu yaliyoachwa na daktari mmoja wa zamani: *Glucose 50: kipimo 1. Maji: vipimo 4.* Ilikuwa kweli kabisa. Chukua mililita ishirini za dawa kali, weka mililita themanini za maji safi ya sindano, unapata mia moja za asilimia kumi. Sikuwa na haja ya kuhesabu. Ukuta ulikuwa umeshahesabu kwa niaba yangu.

Lakini maji ya sindano tulikuwa tunayatengeneza wenyewe kwa mtambo wa kuchemshia uliokula mafuta ya taa, na mafuta ya taa yakaisha. Nikamwuliza Mzee Godefroid nitumie nini. Tulikuwa na chupa nyingi za serumu ya asilimia tano, ndiyo kitu pekee kilichobaki kwa wingi, maana ndege ya msaada ya mwisho ilileta hizo tu. Akatazama chupa, akatazama ukuta.

"Serum njo maji, Mwavita. Weka ine, basi."

Nikaweka nne. Kwa wiki tano niliweka nne. Ampuli moja, vipimo vinne vya serumu, mililita mia, mtoto mmoja. Mishipa ya watoto ikaanza kuvimba pale sindano inapoingia, mikono inakuwa myekundu, wanalia hata wale waliokuwa hawana nguvu ya kulia. Tulilaumu ampuli. Tulisema labda ni bandia, labda zimekaa juani uwanja wa ndege. Hakuna aliyeulaumu ukuta.

Na kuna jambo moja lazima nilieleze, hata kama ni aibu. Chupa ya serumu ikitumika inabaki na mabaki chini, mililita kumi, kumi na tano, ambazo haziwezi kutunzwa. Sisi wauguzi tulikuwa tunayanywa. Tulikuwa na njaa kama kila mtu. Tulipokezana, leo wewe kesho mimi, unainua chupa na kungoja matone yashuke ulimini. Yalikuwa matamu. Ndiyo sukari pekee niliyoonja mwaka ule, nikaisubiri zamu yangu kama mtoto anayesubiri sikukuu. Kwa hiyo ulimi wangu ulijua kwamba yale si maji. Ulijua wiki tano nzima.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa ampuli ilibaki moja. Asubuhi hiyo waliletwa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Elodie, binti wa fundi baiskeli aitwaye Sikuli, kilo kumi. Nusu saa baadaye akaingia mwanamke kijana ameloa maji ya mto hadi magotini, amembeba mtoto wa kiume mgongoni. Alikuwa Jeanne. Mtoto alikuwa Stéphane, mwaka mmoja na nusu. Nilimpima mimi mwenyewe. Kilo nane.

Elodie alikuwa ametangulia, nikamchanganyia yeye. Moja kwa nne, mililita mia, kilo kumi, sawasawa. Kisha nikamgeukia Jeanne nikamwambia kwamba glukosi kali imekwisha. Alitazama mkono wangu wenye ampuli iliyovunjwa shingo. Akaniomba jambo dogo tu.

"Mutie hata kidogo, mama."

Nilimwambia hakuna kidogo, imekwisha. Nilimtundikia Stéphane ile ya tano tupu pamoja na kwinini yake, nikakaa naye. Nilifanya kila nilichojua kufanya, na nilichojua hakikutosha. Saa nane mchana degedege ilimshika mara ya tatu na haikumwachia. Nililia na Jeanne sakafuni. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo.

Elodie alipona.

Alhamisi, Mzee Godefroid alizunguka mji mzima akiomba, na sista mmoja wa parokia akampa ampuli moja aliyoikuta ndani ya sanduku la zamani. Moja tu. Akaifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni.

Ijumaa asubuhi niliamka nikamkuta Nuru anachoma kama jiko. Alikuwa na miaka miwili. Nilimbeba mbio kutoka nyumbani, mtaa wa Kasuku, hadi kituoni, na njiani macho yake yakageuka juu, mikono ikaanza kurushwa. Nilipofika, kitanda cha dirishani kilikuwa na mtoto mwingine tayari, Amuri, mjukuu wa mshonaji wa mtaa wa Mikelenge, na bibi yake amemshika miguu. Kilo nane. Nuru alikuwa na kilo tisa. Watoto wawili, ampuli moja, ilikuwa ile ile Jumatano imerudi, ila safari hii mmoja alikuwa wangu.

Mzee Godefroid alifungua kabati, akaniwekea ampuli kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Akasema kwa sauti ndogo nimpe Nuru, hakuna mtu atakayesema kitu. Bibi yake Amuri alisikia. Hakubisha. Aligeuza tu uso akatazama dirisha, na ule uso uliogeuka ulikuwa mgumu kwangu kuliko kelele.

Niliingia chumba cha dawa. Nilitoboa chupa ya serumu, ikanimwagikia kidoleni, na bila kufikiri nikaweka kidole mdomoni.

Tamu.

Nilisimama pale na kidole mdomoni kama mjinga. Maji gani haya yenye utamu? Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika ukutani, chini ya maandishi ya bluu, kwa haraka, kwa maana nilikuwa namsikia mtoto wangu akigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Mililita ishirini za hamsini zina gramu kumi za sukari. Mililita themanini za tano zina gramu nne. Jumla gramu kumi na nne ndani ya mililita mia. Si kumi. Ni kumi na nne. Ndiyo maana mishipa ilikuwa inaungua. Kila siku nilikuwa natia sukari ya kupita kiasi, na mjini hakuna sukari.

Kisha swali la pili. Kama serumu imebeba sukari yake, basi ampuli inaweza kubeba serumu nyingi zaidi. Ngapi? Nikakumbuka mwalimu wangu wa sekondari, Maalim Kassim, jinsi alivyotufundisha kuangalia kinachozidi na kinachopungua. Hamsini imezidi kumi kwa arobaini. Tano imepungukiwa na tano. Kila kipimo kimoja cha ile kali kina ziada ya arobaini, na kila kipimo cha ile hafifu kina pengo la tano. Mapengo mangapi ya tano yanaijaza arobaini? Nane. Si vipimo vinne. Ni vinane. Ishirini mara nane, mia moja na sitini. Ongeza ishirini za ampuli. Mia moja na themanini.

Nuru tisini. Amuri themanini. Jumla mia moja na sabini. Zinabaki kumi.

Nilihakikisha mara moja tu, gramu kumi na gramu nane ni gramu kumi na nane, ndani ya mia na themanini, ni kumi kwa mia. Nikachanganya. Niliwatundikia wote wawili kwa wakati mmoja, na bibi yake Amuri alinitazama kama ninayemfanyia mzaha. Baada ya robo saa degedege ya Nuru ililegea. Amuri alichelewa kidogo, kisha naye akafungua macho akaomba maziwa ya mama. Bibi alinishika mikono akaibusu, kiganja na mgongo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria Jumatano.

Sikuwa na haja ya mkaa tena. Elodie, kilo kumi, mililita mia. Stéphane, kilo nane, mililita themanini. Mia moja na themanini. Ilikuwa inatosha hadi tone la mwisho. Laiti ningeweza kusema kwamba ingepungua kidogo, ningelala.

Mzee Godefroid alikuja kusimama mbele ya ukuta. Alisoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Aliniuliza ni tangu lini, ilhali alijua ni tangu lini, kwa sababu neno lilitoka kinywani mwake. Jioni ile alichukua chokaa akapaka ukuta wote, bluu na mkaa pamoja. Hakuniambia ninyamaze. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Alifariki miaka mingi baadaye, nikaenda kumzika, na pale kaburini nilikuwa najua kwamba sasa nimebaki peke yangu na ile hesabu.

Nimekwisha kujiambia yote yanayoweza kusemwa. Kwamba Stéphane labda angekufa hata hivyo, malaria ya kichwa haina huruma. Kwamba nilikuwa na njaa, kwamba mkubwa aliagiza, kwamba ilikuwa vita. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloelezea kwa nini Ijumaa akili ilifanya kazi na Jumatano haikufanya.

Sasa Jeanne alikuwa amekaa mbele yangu na kuku wake, na binti yake amesema serumu ni maji. Nikafunga kalamu nyekundu. Nilichukua karatasi ya Fifi, nikaiweka katikati ya meza ili wote wawili waione, nikaanza kumweleza kosa lake. Nilimwambia serumu si maji, ina sukari yake, na anayeihesabu kama maji anaunguza mishipa ya mtoto mmoja na kumnyima mtoto mwingine. Fifi alitikisa kichwa kukubali lakini niliona hajaelewa. Aliyeelewa alikuwa mama yake.

Jeanne anapika lotoko, pombe kali ya kienyeji. Ndiyo kazi aliyowasomeshea watoto wake, na nusu ya Alunguli inainywa. Aliinama juu ya karatasi, shingo upande, akacheka kidogo kwa furaha ya mtu aliyekuta kitu chake nyumbani kwa wengine. Akamwambia binti yake kwamba hili analiona kila siku jikoni. Lotoko ya kwanza kushuka kwenye mrija ni kali, inawaka moto. Ya mwisho ni hafifu, ya bure.

"Ile ya kwanza ukitia maji, unatia kopo ine, inaisha nguvu. Lakini ukiitia ile ya mwisho, unaweza kutia hata munane, na ingali lotoko. Juu ile ya mwisho iko na nguvu yake kidogo. Si ile ile, Fifi?"

Fifi akasema ndiyo, ndiyo, sasa ameona. Akavuta kalamu yake akaanza kuandika pembeni mwa karatasi. Mimi sikumtazama Fifi. Nilimtazama Jeanne, ambaye alikuwa bado anatabasamu na kusoma swali kwa kidole, neno kwa neno, kama wanavyosoma watu waliojifunza ukubwani. Kidole kikapita ampuli moja. Kikapita watoto wawili wenye malaria ya kichwa. Kikafika kilo kumi. Kikafika kilo nane, kikasimama.

Mama hasahau uzito wa mtoto aliyembeba mgongoni kuvuka mto.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni muda mrefu bila mwenyewe. Ningeweza kusema ni namba tu, ni swali la kitabuni. Alinipa muda wa kusema hivyo. Naamini alikuwa anataka niseme.

Nikamwambia ni wao. Elodie wa fundi baiskeli, na Stéphane. Nikamwambia kila kitu, ukuta, maji yaliyokwisha, vipimo vinne, wiki tano, na jinsi tulivyokuwa tunalamba mabaki ya chupa na kujua ni matamu. Nilimwambia kwamba ampuli aliyoiona mkononi mwangu ilikuwa inatosha wote wawili. Sikumwambia nisamehe, kwa sababu kuomba ni kumtwika mtu mzigo mwingine. Fifi aliacha kuandika. Kuku alitapatapa chini ya meza kisha akatulia.

Jeanne aliuliza nilijuaje, na lini. Nikasema siku mbili baadaye, Ijumaa, walikuja tena watoto wawili na ampuli moja, nikapiga hesabu.

"Na wale wa Ijumaa walikuwa ba nani?"

Nikasema mmoja alikuwa mjukuu wa mshonaji wa Mikelenge.

"Na ule mwengine?"

Jina lilikuwa mdomoni mwake tangu alipoingia, alikuwa ameniita nalo mara nne au tano. Nikasema, "Nuru."

Nje, wanafunzi walikuwa wametoka kwa mapumziko, wanacheka uani. Jeanne alikunja karatasi ya mtihani mara mbili, akaikunjua tena, akainyoosha kwa kiganja. Nilijiandaa kwa laana, kwa kofi, kwa kilio cha kuita watu. Nilivitaka. Yeye akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akizungumzia lotoko:

"Siku ya mutoto yangu haukupiga hesabu."

Nikasema, "Hapana. Sikupiga."

Alisimama. Akamwambia binti yake abaki, afanye swali upya pale pale mezani, mbele ya madame, na asipewe hata alama moja ambayo si yake. Kisha akamshika bega kwa nguvu, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika.

"Na kule Lubutu, Fifi, upige hesabu siku mutoto si wako."

Alitoka bila kuniaga. Mchele aliuacha, kuku alimwacha. Nilimsikia akipita uani katikati ya kelele za wanafunzi, mwendo wake wa polepole kuelekea mtoni.

Nilimpa Fifi karatasi nyeupe. Alilia kwanza, nikamwacha alie, kisha akajifuta akaandika. Hamsini imezidi kwa arobaini. Tano imepungua kwa tano. Vipimo vinane. Mia na sitini, na ishirini, mia na themanini. Akagawa, mia kwa wa kilo kumi, themanini kwa wa kilo nane, haikubaki kitu. Mstari wa mwisho aliandika: inatosha wawili. Akaishika kalamu bila kuiinua, akaniuliza kama aandike majina ya watoto.

Nikamwambia ayaandike.